Bisi za karameli kwa usiku wa muvi: zianze mapema na uzikaushe kweli kweli

Jamani, wengi wanaolalamika kwamba bisi zao za karameli zinatoka laini, zinanata kwenye meno, halafu baada ya saa moja zote zimeshikana bonge moja kwenye bakuli, wanadhani shida ni sukari, basi wanaongeza sukari na siku nyingine zinatoka mbaya zaidi. Mi nazipika hizi kwa familia yangu muda mrefu sasa na nawaambia shida karibu kila mara ni maji. Maji yaliyobaki kwenye bisi zenyewe, maji yaliyobaki kwenye shira, na mvuke uliofungiwa ndani ya sufuria au kopo.

Kinachochekesha ni kwamba bila maji hakuna bisi kabisa. Punje ya mahindi ya bisi inabeba unyevu ndani yake, kama asilimia 14 hivi ya uzito wake, na ganda lake ni gumu halafu limeziba vizuri, sasa ukiipasha moto ule unyevu unataka kugeuka mvuke na hauna pa kutokea, presha inapanda tu mpaka kwenye nyuzi 180 hivi za Selsiasi ganda linashindwa, linapasuka, na ule wanga uliokuwa umelainika ndani unafumuka na kukauka hapo hapo. Ndo maana punje zilizokaa pakiti wazi kwa miezi zinagoma kupasuka, zimekauka. Zako zikiwa hivyo usitupe, ziweke kwenye chupa yenye mfuniko, vikombe vitatu vya punje kwa kijiko kikubwa kimoja cha maji, tikisa, acha siku mbili tatu huku ukipita unatikisa tena, halafu jaribu chache. Zenye ganda lenye ufa ndo hazina dawa, mvuke unavujia pale kwenye ufa.

Sasa kupasua. Sufuria pana yenye kitako kizito, mafuta vijiko vikubwa vitatu, punje nusu kikombe, hizo zinatosha kujaza bakuli kubwa la lita tatu hivi. Weka mafuta na punje tatu tu kwanza, zikipasuka ujue mafuta yamefika, mimina zilizobaki, toa sufuria motoni kwa nusu dakika halafu rudisha. Hiyo nusu dakika inasaidia punje zote zipate joto pamoja, zinapasuka karibu kwa wakati mmoja na za mwanzo haziungui zikisubiri wenzao. Mfuniko usiubane, uache upenyo mdogo upande mmoja mvuke utoke, watu wanafunika kabisa eti zisiruke halafu wanashangaa bisi zina ulegevu kama mpira, hapo umezipika kwa mvuke wake mwenyewe. Ukisikia sasa zinapasuka moja moja, sekunde mbili tatu zinapita kimya, zima na mimina saa hiyo hiyo kwenye trei pana. Usiziache zikae ndani ya sufuria.

Na usitie siagi hapo, nakuomba. Siagi karibu asilimia 16 yake ni maji, ukiimwaga kwenye bisi umezilowesha kabla hata ya kuanza. Siagi zamu yake itakuja kwenye shira, ambako itachemka na maji yake yatatoka.

Kabla ya shira kuna kazi moja watu wanairuka, mi siiruki hata kama wageni washafika: kutoa punje zilizogoma. Tikisa trei, zenyewe zinashuka chini, kisha chota bisi kwa mikono kutoka juu uhamishie chombo kingine, chini zinabaki punje. Punje ngumu ikishavikwa karameli huwezi kuitofautisha na bisi, na kwenye muvi taa zimezimwa mtu anatafuna bila kuangalia, jino linaweza kupasuka hivi hivi. Kazi hii wape watoto, wanaipenda na haina moto.

Shira yangu ni hii: sukari ya kahawia kikombe kimoja cha kushindilia (gramu 200 hivi), siagi gramu 115, asali robo kikombe, chumvi nusu kijiko cha chai, na pembeni uwe umeshapima vanila kijiko kimoja cha chai na bekingi soda nusu kijiko cha chai. Kupima kabla ni lazima maana ikifika mwisho mambo yanakimbia, huna muda wa kufungua makabati. Hakuna sukari ya kahawia, tumia nyeupe, ladha inapungua kina kidogo lakini hakuna atakayekushtaki. Asali usiiache, kazi yake sio utamu tu, zile sukari zake zinazuia ile sukari uliyopima isijikusanye tena na kurudi kuwa chenga chenga ndani ya shira. Chumvi pia usiiache, bila chumvi utamu unakinai haraka sana, mtu anakula kiganja kimoja anaweka bakuli chini.

Moto wa wastani, koroga mpaka siagi iyeyuke na sukari ilowe yote, ikianza kuchemka kote kote, sio pembeni tu, acha ichemke dakika nne mpaka tano na mkono usiwe na fujo, unapitisha mwiko mara moja moja tu chini isishike. Hizi dakika ndo roho ya jambo lote. Shira inapochemka maji yanatoka, na kadiri maji yanavyotoka ndo joto linaweza kupanda, ikiwa kwenye nyuzi 120 hivi ukiipoza inakuwa laini ya kutafunika tafunika, ikifika karibu 150 ukiipoza inavunjika kwa mlio. Kwa hiyo ukiona shira yako inanata ujue haikukosa sukari, iliondolewa motoni ikiwa bado na maji. Huna kipimajoto, chukua bakuli la maji baridi, dondoshea tone moja, subiri kidogo, litoe ulivunje: likipinda bado, likivunjika tayari. Hicho kipimo nakiamini kuliko saa, maana majiko hayafanani.

Toa motoni, tia vanila na bekingi soda, koroga haraka. Itafura! Inapanda juu inabadilika rangi inakuwa nyepesi, usiogope, ila ndo sababu nasema tumia sufuria kubwa kuliko unavyodhani. Ile soda inatoa gesi, vipovu vidogo vidogo vinabaki ndani ya shira, inakuwa nyepesi ya kumiminika na ikikauka inavunjika kirahisi mdomoni. Bila soda unapata gamba gumu ambalo linakata ufizi. Usizidishe sasa, ikizidi ladha inakuwa ya sabuni, na usiweke bekingi pauda mahali pake ukidhani ni kitu kimoja.

Wakati shira iko jikoni, bisi ziwe zimekaa kwenye oveni ya nyuzi 120 zinapata joto. Ukimwagia shira ya moto kwenye bisi baridi inaganda ilipoangukia, unapata bisi tano zimebeba mzigo wote na nyingine zimebaki nyeupe peee. Mwaga ukizungusha, geuza kwa miiko miwili iliyopakwa mafuta, geuza kutoka chini, na ukiona hazijaenea vizuri usijitese, tandaza kwenye trei yenye karatasi ya kuokea rudisha ndani, baada ya dakika 15 shira imelegea, toa ugeuze tena, zitaenea zenyewe. Endelea hivyo kila dakika 15 kwa jumla ya dakika 45 mpaka saa nzima. Wengi wanaona hii hatua ni mbwembwe kwa sababu bisi tayari zinaonekana zimeiva. Hazijaiva. Hapo ndo unyevu wa mwisho unatoka, wa bisi na wa shira.

Kujua zimefika: toa moja, iache kaunta dakika mbili ipoe, itafune. Usihukumu ya moto, ya moto siku zote iko laini hata kama imeshakauka vizuri, na wengi huziunguza hapo hapo, wanaonja ya moto wanasema bado, wanaongeza muda, zikipoa ni chungu.

Wasio na oveni msikate tamaa, ila kwenu kile kipimo cha maji baridi hakina mjadala, maana hakuna hatua ya pili ya kuwaokoa. Chemsha shira mpaka tone livunjike kabisa, soda, mwaga kwenye bisi zilizo bado na joto, geuza haraka haraka, tandaza nyembamba kwenye trei na uzitenganishe na uma mbili wakati zinapoa. Zinatoka nzuri, zitakuwa na vibonge vibonge tu, watoto wangu wanavigombania hivyo vibonge kuliko kitu kingine.

Kuhusu watoto, na hapa sitanii: shira ya nyuzi 150 ni mbaya kuliko maji yanayochemka, sio kwa joto tu, inashika ngozi haidondoki. Wakati wa kuchemsha na kumwaga watoto wawe nje ya jiko, hata yule mkubwa anayejiona mpishi. Ikitokea imemrukia mtu peleka chini ya maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida sio barafu, kwa dakika 20, usibandue ile sukari iliyoshika, na kama ni eneo kubwa au ni mtoto nenda hospitali. Na wale wadogo chini ya miaka minne wasipewe bisi kabisa, za karameli au za kawaida, zinaweza kuwakaba, watengenezee kitu chao laini.

Turudi kwenye utamu. Nyongeza kavu kama karanga zilizokaangwa zinaingia pamoja na shira kabla ya oveni, na ni ndugu wa zamani hizi, kule Marekani bisi na karanga kwenye shira ya molasi zinauzwa kwa jina la Cracker Jack tangu 1896. Uliza kwanza kama kuna mgeni anayedhurika na karanga. Chokoleti inakuja mwisho, bisi zikishapoa kabisa, iyeyushe kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto na uangalie lisiingie hata tone la maji maana inagandamana saa hiyo hiyo (maji tena, mnaona), nyunyiza kwa uma, acha igande. Zabibu kavu mi sipendi humo, zinarudisha unyevu na kesho yake bisi zilizo karibu nazo zimelegea. Mdalasini na unga wa tangawizi sawa, kijiko cha chai kimoja kwenye shira, unanukia nyumba nzima.

Kingine nachokifanya, nusu ya bisi naacha za chumvi tupu, nachanganya na za karameli wakati wa kuandaa. Watu wanakula muda mrefu bila kukinai. Chicago wana mchanganyiko wao maarufu wa karameli na jibini, nilivyosikia nikaona hawa wamechanganyikiwa, ila nilipoonja nikanyamaza.

Sasa ratiba. Usianze hii kazi muvi ikiwa imebaki nusu saa, tafadhali. Ukihesabu kupasua, kuchambua, shira, oveni na kupoa unazungumzia saa mbili, na kupoa hakuharakishwi. Mi nazipika asubuhi ya siku hiyo au jioni ya jana yake. Zipoe zikiwa zimetandazwa, ziguse kwa mkono ziwe baridi kabisa, ndipo uziweke kwenye kopo linalobana mfuniko. Ukizifungia na uvuguvugu mvuke unabaki humo na kazi yako yote ya oveni imekwenda na maji. Kwenye friji usiweke. Sukari inavuta unyevu wa hewani, kwa hiyo siku za mvua au jiko likiwa linachemsha kitu usiziache bakuli wazi, zifungue watu wakishakaa.

Gawa kwenye vibakuli vidogo, kila mtu na chake. Bakuli moja kubwa linalopita gizani ni ugomvi, mtu anakosa muvi anatafuta bakuli liko wapi, na kila mkono unaoingia unaingia na unyevu wake. Weka kitambaa chenye maji karibu cha kufuta vidole kabla hawajashika rimoti.

Zikilegea siku ya pili, rudisha oveni nyuzi 120 dakika 10 au 15, tandaza zipoe, zinarudi vile vile. Na ile sufuria ya shira usiikwangue utaiharibu na mkono utauma bure, jaza maji mpaka yafunike pale palipogandia, tumbukiza na mwiko humo humo, chemsha, yote inayeyuka yenyewe wakati nyie mnachagua muvi.