Mchezo wa kioo ofisini

Mmeuliza wiki hii: maigizo ya papo kwa papo yanaweza kuwaleta wafanyakazi karibu, au ni kupoteza muda wa kazi? Mimi nasema yanaweza, mradi wakubwa nao waingie uwanjani.

Kazini kwetu mwezeshaji alitupanga wawiliwawili tucheze kioo. Mmoja anasogeza mikono polepole, mwenzake anamfuata hatua kwa hatua. Mimi ni mhasibu. Nilipangwa na dereva ambaye kwa miaka mitatu nilimjua kwa fomu zake za mafuta tu, nyingi nikimrudishia kwa sababu ya mwandiko. Mwanzoni tulikwepana macho. Kisha tukaambiwa, "Sasa asiwepo anayeongoza." Mikono ikaendelea kwenda, taratibu, hata sikujua nani anamfuata nani. Hapo ndipo nilipoona kwamba kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia hakikunjiki. Miaka mitatu!

Michezo ya aina hii haikuanzia kwenye vichekesho. Mwalimu wa maigizo Viola Spolin aliikuza Chicago, Marekani, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930, akifanya kazi na watoto wa wahamiaji waliotoka kwenye lugha na mila mbalimbali. Vichekesho vilishika kasi baadaye, mwanawe Paul Sills na wenzake walipoanzisha The Second City, jumba la vichekesho la huko huko Chicago, mwaka 1959. Kwa hiyo anayeona ni upuuzi wa jukwaani ajue ilianza kama njia ya kuwakutanisha watu wasioelewana kirahisi, na idara za ofisi moja zinaweza kuwa hivyo hivyo.

Maigizo haya yana kanuni yake maarufu, "Ndiyo, na...", nayo hueleweka vibaya. Si kukubali kila kitu. Ni kulipokea kwanza neno la mwenzako kama lilivyo, ndipo uongeze lako. Bajeti unaweza kuikataa na aliyeileta akaondoka akijua amesikilizwa.

Ila mara ya pili mkurugenzi alikaa nyuma na daftari, anaandika. Kila mtu akawa anacheza huku jicho liko kwake, na hakuna aliyethubutu kukosea. Mchezo ulikufa palepale. Anayetaka watu wake wafunguke avue koti, aingie kwenye duara, akosee mbele yao.

Yule dereva siku hizi akileta fomu anavuta kiti, ananisomea tarakimu, mimi naandika.