Anzia dukani kwa spea, ndugu yangu, kabla hujamsikiliza dalali

Usilipe hiyo advansi ya milioni 2 siku ya Ijumaa. Salamu tutapeana baadaye.

Umeandika kwamba una shilingi milioni 18, kwamba dalali amekuonyesha Nissan X-Trail ya mwaka 2010 ya mkononi kwa milioni 17 na nusu, na kwamba Toyota RAV4 uliyoipenda ni milioni 23 na huwezi kuifikia. Umeuliza ulaji wa mafuta kwa safari za Dar es Salaam na Dodoma, bima kubwa, rangi nyeupe au ya fedha, na ni gari gani litauzika haraka ukilichoka. Halafu, katikati ya hayo yote, umetaja kana kwamba ni jambo dogo kuwa gari linatoa mluzi mwembamba likikanyagwa mafuta, na kwamba dalali amekwambia ni kawaida ya magari hayo na "likimwagiwa oili mpya ya giaboksi linatulia". Sentensi hiyo niliwahi kuambiwa mimi, neno kwa neno, mwaka 2019, na ilinigharimu shilingi milioni 6, laki 7 na elfu 70. Ninayakumbuka mahesabu hayo kuliko ninavyokumbuka tarehe ya ndoa yangu, na mke wangu analijua hilo.

Nilinunua X-Trail ya mwaka 2009 kwa milioni 19. RAV4 iliyokuwa imeegeshwa pembeni yake ilikuwa milioni 24, na usiku ule nililala nikijipongeza kwamba nimeokoa milioni 5. Sikujiuliza hata kidogo kwa nini magari mawili yanayolingana umri, ukubwa na mwonekano yapishane bei kiasi hicho. Mitaani watu wanaijua tofauti hiyo, na bei inawasemea. Mimi niliiona bei ile kama bahati.

Baada ya miezi mitatu mluzi ulianza. Nilimpigia dalali, naye kwa ukarimu ambao sasa naushuku akanielekeza kwa fundi wake, aliyekuwa na gereji chini ya mwembe, mtu mpole, mwenye maneno mazuri na ovaroli safi. Hilo la ovaroli safi lilipaswa kunishtua. Fundi alifungua nati ya chini, akamwaga oili iliyokuwemo, kisha akajaza haidroliki ya kawaida, ile nyekundu inayouzwa kila duka, lita 4 kwa shilingi elfu 60. Niliona kwamba iliyotoka haikuwa nyekundu. Nililiuliza hilo, na ninataka liingie kwenye kumbukumbu kwamba niliuliza! Akanijibu, "Imezeeka tu, bosi, oili ni oili." Nikaridhika, nikalipa, nikamwongezea elfu 5 ya soda.

Sasa nikueleze alichokuwa amekifanya, kwa sababu ndicho utakachofanyiwa wewe. Giaboksi ya gari hilo si ya kawaida ya otomatiki yenye gia nne au tano zinazobadilishana. Ni ya aina inayoitwa CVT, ambayo ndani yake kuna puli mbili zenye nyuso za mteremko kama koni, na baina yake unapita mkanda wa chuma uliopangwa kwa mamia ya vipande vidogo. Puli zikibana au kujiachia, mkanda unapanda au unashuka, na mwendo unabadilika bila wewe kusikia gia ikiingia. Nguvu yote ya injini, pamoja na abiria wako, mizigo yako na mama mkwe wako, inapita kwenye chuma kinachobana chuma. Kwa hiyo oili yake inatakiwa ipoze na kulainisha, na wakati huohuo iuruhusu mkanda kushika puli pasipo kuteleza. Haidroliki ya kawaida ilitengenezwa kwa ajili ya sahani za klachi za giaboksi za otomatiki za kawaida, na haina sifa hiyo ya tatu. Ukiiweka humo, gari halifi siku hiyo, na hapo ndipo ubaya wake ulipo, kwa maana linaendelea kutembea vizuri kiasi cha wewe kumsifu fundi kwa rafiki zako, huku mkanda ukiteleza kidogo kidogo na kuzikwangua puli. Na mimi nilimsifu kwa watu wawili. Mmoja wao hanisemeshi hadi leo.

Ukimwaga oili kwa nati ya chini, inatoka kama nusu tu. Iliyobaki imejificha kwenye torki konveta, kile chombo kinachounganisha injini na giaboksi kwa oili, na kwenye mifereji ya ndani. Ndiyo maana gari langu lilichukua miezi minne kufa badala ya wiki mbili, kwani lilikuwa likiishi kwa nusu ya oili halali iliyosalia. Lilianza kutetemeka kwenye mwendo wa kilomita 50 hadi 60 kwa saa, hasa likiwa limepata moto. Dalali akasema ni plagi. Nikabadilisha plagi.

Mwezi wa Desemba tukafunga safari ya kwenda Makambako kwenye harusi ya mdogo wa mke wangu. Tulipita Morogoro salama, tukapita Mikumi watoto wakihesabu nyani, na Ruaha Mbuyuni tukanunua gunia la vitunguu ambalo hatukulihitaji. Kisha tukauanza mlima Kitonga. Anayeujua Kitonga anajua kwamba barabara ile inapanda kwa kona za kubana, upande mmoja ukuta wa mwamba na upande mwingine bonde, na kwamba nyuma yako daima kuna lori lenye shehena ya kwenda Tunduma. Katikati ya mlima nilikanyaga mafuta, injini ikanguruma kwa sauti kubwa, mshale wa mizunguko ukapanda, na gari likazidi kupunguza mwendo. Nikakanyaga zaidi, likanguruma zaidi, likasimama. Kisha likaanza kurudi nyuma.

Utingo wa lile lori, ambaye Mungu amlipe popote alipo, aliruka chini na jiwe mkononi akaliweka nyuma ya tairi langu kabla sijajua kama mguu wangu uko kwenye breki au wapi. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa mbele amepakata hotipoti ya pilau tangu Dar es Salaam, aliniangalia kwa utulivu mkubwa akauliza, "Baba Neema, tushuke au tusali?" Nimeulizwa maswali mengi magumu maishani, ila hilo ndilo pekee lililonikosesha jibu kabisa. Walishuka, wakapata Noah ya kuwafikisha Iringa. Mimi nilibaki na vitunguu vyangu nikingoja bredauni, ambayo ilinitoza shilingi 350,000.

Iringa nilikutana na fundi mzee, mwenye ovaroli iliyolowa grisi. Alishusha sampo ya giaboksi, yaani bakuli la chini linalokusanya oili, akanionyesha sumaku zake zilivyofunikwa na unga wa chuma unaong'aa kama rangi ya kucha, akainusa oili, kisha akaniuliza, "Nani amemwaga haidroliki humu?" Nikaanza kujitetea. Hakunisikiliza. Alifungua kisanduku cha dashibodi, akatoa kitabu cha gari kilichoandikwa Kijapani, ambacho nilikuwa nimekitumia kuegemezea chupa ya maji muda wote huo, akapekua kurasa za mwisho na kuweka kidole chake penye jedwali la oili. Sisomi Kijapani, wala yeye hasomi. Lakini katikati ya michoro ile yote palikuwa na herufi na tarakimu ambazo hata mtoto wangu wa darasa la pili angezisoma: CVT, NS-2, yaani jina la oili halali ya giaboksi ile. Jibu lilikuwa limekaa mbele ya goti la mama mkwe safari nzima.

Nisimlaumu aliyelitengeneza gari. Kile alichotaka kiwekwe humo alikiandika, nasi hatukukisoma. Ninamlaumu yule dalali, aliyechukua kamisheni kwangu na kwa muuzaji, na ambaye nilipompigia kutoka Iringa alinipa pole kwa sauti ya upole kisha akaniuliza kama nataka kuliuza gari lile kama lilivyo, kwa kuwa ana mteja. Ninamlaumu na yule wa mwembeni, ingawa yeye angalau hakujua. Dalali alijua. Magari hayo ameyauza miaka na miaka, na neno "linatulia" analitamka kama mganga anayejua kwamba mgonjwa akizidiwa hatarudi kwake.

Na ungedhani hapo nilikuwa nimepata akili. Niliporudishwa Dar es Salaam nilimkubalia tena dalali huyohuyo anitafutie giaboksi iliyotumika kutoka Japani, kwa milioni 1 na laki 9, kwa sababu wengine waliniambia milioni 3 na zaidi. Ilipofunguliwa kutoka kwenye plastiki ikaonekana ni ya gari linalovutwa na magurudumu ya mbele pekee, wakati langu ni la magurudumu manne, kwa hiyo upande wa kufungia shafti ya kwenda nyuma haukuwepo. Muuzaji alikataa kurudisha fedha. Alikubali kubadilishana na "spea nyingine za thamani hiyo", na ndiyo sababu hadi leo, chini ya kitanda changu, kuna taa mbili za mbele za X-Trail ambazo hazijawahi kuwaka. Giaboksi ya pili, iliyo sahihi, ilikuwa milioni 3 na laki 3. Ufundi wa kushusha na kupandisha mara mbili, laki 6. Oili halali ya NS-2, lita 10 hivi za kujaza mfumo mzima, shilingi 420,000. Kuioanisha kompyuta ya gari na giaboksi mpya, shilingi 200,000, gharama ambayo hakuna aliyenitajia mpaka gari lilipogoma kubadili mwendo sawasawa. Jumlisha pamoja na bredauni, utaona kwamba milioni 5 niliyoiokoa ilirudi kudai chake na riba juu. Sijahesabu wiki saba za kupanda daladala nikiwa na funguo za gari mfukoni.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, nami nitaendelea kukupigia kelele nayo hata ukinichoka. Nenda dukani kwa spea kabla hujaenda kuliona gari. Chukua namba ya chesisi, ambayo herufi zake za mwanzo zinasema ni gari la aina gani. NT31, kwa mfano, ni X-Trail ya umbo hilo yenye injini ya lita 2 na magurudumu manne. Zunguka Gerezani na Ilala, uliza maduka yasiyopungua matatu bei ya giaboksi ya namba hiyo, bei ya oili yake, na bei ya injini yake. Usiseme unataka kununua gari. Sema lako limekufa, utaambiwa ukweli. Chukua bei ya giaboksi na oili uijumlishe na bei ya gari. Ikiwa huna fedha hizo zote, gari hilo bado si lako, hata kama dalali amekukabidhi funguo. Kwa milioni 18 zako, ukitoa 17 na nusu unabaki na laki 5, ambayo inatosha bredauni na pilau ya njiani.

Na usije ukakimbilia RAV4 ukidhani umenusurika. RAV4 za umbo la tatu zilizouzwa Japani kuanzia mwishoni mwa mwaka 2005, ambazo ndizo zilizojaa hapa, nazo zina CVT, ila zinatumia oili ya Toyota ya aina yake, si NS-2 na wala si haidroliki. Nimekutana na wamiliki wanaoapa kwamba za kwao ni "otomatiki ya kawaida" kwa sababu ni Toyota. X-Trail ya umbo la kwanza, ile ya kabla ya mwaka 2007, ilikuja na otomatiki ya kawaida ya gia nne. Imezeeka, ina matatizo yake ya sensa (vihisi vya umeme), lakini giaboksi yake haikuogopeshi hivyo. Hata hiyo, anzia dukani kwa spea.

Jirani yangu ana X-Trail ya umbo lilelile la langu, imetembea zaidi ya kilomita 200,000, na haijawahi kutoa mluzi. Oili hubadilisha kila kilomita 40,000, hununua mwenyewe kopo lililofungwa, na husimama juu ya kichwa cha fundi mpaka tone la mwisho. Kwa hiyo sisemi gari ni baya. Nasema hilo la kwako linapiga mluzi tayari, na mtu aliyekwisha kusema litatulia ndiye atakayekuwa na mteja mwingine tayari wiki utakayokwama.

Kuhusu mafuta, bima na rangi, wengine watakujibu. Mimi nimeshindwa kufika huko. Kabla ya Ijumaa weka hapa picha ya kibati cha namba ya chesisi, na kama kitabu cha Kijapani bado kimo kwenye dashibodi, piga picha ya jedwali la oili. Pia mwulize mwenye gari, si dalali, ni lini oili ya giaboksi ilibadilishwa mara ya mwisho na ilikuwa ya rangi gani. Na ikitokea kwamba umeshalipa wakati unasoma haya, taa mbili za mbele ninazo, njoo tuelewane bei.