Jibu: Kuongeza nguvu ya chenso (msumeno wa injini), anza na eksozi, silinda iache
Mkuu umeuliza kama unaweza kutanua matundu ya silinda mwenyewe na grainda ndogo wakati ndo kwanza unajifunza, mi nasema hapo ruka kwanza. Tundu la moshi kwenye silinda ukilipanua kupita kiasi ringi ya pistoni inachomoza inanasa mle, ikikatika imekula kwako, na silinda orijino nenda kaulize bei pale Gerezani, Dar, kwenye maduka ya spea uone.

Anza na eksozi. Ile nyavu ya kuzuia cheche mara nyingi imeziba kaboni, isafishe (usiitupe, kiangazi utachoma msitu wa watu). Kisha tanua kidogo tu tundu la kutolea moshi la eksozi yenyewe, ila hapa ndo wengi wanaua mashine, moshi ukitoka kirahisi hewa inazidi mafuta, pistoni inachemka mpaka inakwaruzika, so lazima ufungue skrubu ya H kwenye kabureta (ile ya kurekebisha mafuta ya mwendo wa kasi) taratibu kinyume cha saa, mpaka ukivuta mafuta yote bila mzigo mlio unakuwa kama unakohoa kohoa, ukiingiza kwenye gogo unanyooka. Ukisikia mlio mwembamba mkali bila mzigo zima faster.

Oili ya kuchanganya, kama kitabu chake kinasema 50:1 (petroli 50 kwa oili 1) ni ml 20 kwa lita ya petroli, wanaokadiria kwa kizibo siwaelewi kabisa.

Kutoa gasketi ya chini ya silinda ili kompresheni (mgandamizo) ipande achana nako mpaka ujue kupima, nafasi kati ya pistoni ikiwa juu kabisa na kichwa cha silinda ikishuka chini ya milimita 0.5 hivi unacheza na moto.

Alafu cheni umenoa lakini? Wengi wanalaumu injini kumbe meno butu.