Maswali yenu ya mazingira: mbuyu, mchwa, kwelea kwelea na makorongo ya Kondoa

Mwanangu wa form two kaulizwa ikolojia ni nini, akajibu ni usafi wa mazingira, kakosa. Sasa ni nini? (Mama, Area C)

Mama, usafi ni jambo lingine kabisa. Ikolojia ni elimu ya jinsi viumbe hai wanavyoishi wao kwa wao na pia na vitu visivyo na uhai, yaani mvua, udongo, joto, mwanga. Mwambie aangalie shamba la uwele pale Chamwino: mvua yenyewe inaanza Disemba inaishia Aprili hivi, ndo maana mahindi yanasumbua ila uwele na mtama vinavumilia, alafu punje zinaleta panya, panya wanaleta nyoka na bundi. Hayo mahusiano yote ndo ikolojia.

Mbuyu wa kwetu hauna majani miezi mingi, umekufa? (Mpwapwa)

Hapana ndugu yangu, usiuguse! Majani ndo yanapoteza maji, kwa hiyo kiangazi kikianza mbuyu unayaangusha, unabaki na maji yake ndani ya shina ambalo ni laini kama sponji, na kiangazi kikiwa kirefu lile shina linapungua unene kidogo, mvua ikirudi linajaa tena. Chini ya ganda la juu kuna utando wa kijani, huo unaendelea kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua hata kama juu hamna jani hata moja. Na maua yake yaangalie jioni: meupe, makubwa, yananing'inia, yanafunguka giza likiingia na kesho yake yananyauka. Usiku huo huo popo wanakuja kunywa utamu wake wanaondoka na chavua kwenye manyoya, wanaipeleka mbuyu mwingine. Hivo wanaowapiga popo mawe wajue ubuyu wanaoupenda watoto unawategemea hao hao.

Mchwa wanatula nyumba, kwanini tusiwaue wote? (Kongwa)

Linda nyumba yako, hilo sina ugomvi nalo, ila wa porini waache. Huku kwetu kukavu majani makavu na miti iliyoanguka yangebaki tu hapo miaka, mchwa ndo wanavirudisha udongoni, na vile vitundu vyao vinasaidia maji ya mvua kuzama badala ya kukimbia. Wapo wanaolima kabisa kuvu ndani ya kichuguu, ndo maana uyoga mtamu unaota pale juu. Na kumbikumbi wa mvua za kwanza wanaliwa na ndege, vyura, kuku, na sisi.

Kwelea kwelea wanamaliza mpunga, wanatoka wapi? (Bahi)

Chakula chao hasa ni mbegu za nyasi za porini. Mbegu hizo zikiisha au zikiota na mvua wanahama, wakikuta nafaka shambani wanashuka kwa makundi. Sumu inawapunguza kweli, lakini mwewe na tai wakila waliokufa nao wanadhurika, na hao ndo walikuwa wanakusaidia.

Babu anasema ng'ombe walihamishwa Kondoa, ni kweli? (UDOM)

Kweli kabisa, na ni habari inayonigusa sana. Milima ilikuwa imebaki mitupu, makorongo yanakula mashamba, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ukaanza 1973, na 1979 mifugo ikaondolewa eneo lililoharibika. Wenye mifugo waliumia, hilo tusilifiche. Lakini ardhi ilipopumzika nyasi zilirudi, alafu vichaka, alafu miti, kwa sababu mizizi na mbegu nyingi zilikuwa bado hai chini.

Siku hizi watu wengi Dodoma wanafanya hivo bila kuhamisha mtu, wanaita kisiki hai. Unatafuta kisiki kinachochipua shambani, unachagua machipukizi machache yaliyonyooka, mengine unapogolea, alafu unafunga kitambaa cha rangi ili mchungaji na mkata kuni wajue kina mwenyewe. Hununui mche, humwagilii, maana mizizi yake tayari iko chini sana. Anza na visiki vya mpakani mwa shamba, majembe hayatavisumbua.