Mgongo uliokakamaa ukivunjika: kwa mnaoanza upasuaji wa uti wa mgongo

Wadogo zangu, mgonjwa atakayewapiga chenga kuliko wote ni yule mzee ambaye mgongo wake ulishashikana miaka mingi iliyopita. Kateleza bafuni, kajiinua mwenyewe, kaja kwa miguu yake akisema shingo inauma. Hakuna gari lililopinduka, hakuna ghorofa aliyoanguka. Eksirei inasomwa kuwa haina jipya, anapewa dawa za maumivu anarudi nyumbani. Siku chache baadaye analetwa kwa machela, miguu haina nguvu. Ndiyo maana kanuni yangu mapokezini haina mjadala: mtu mwenye mgongo ulioshikana akipata maumivu mapya, hata kama hakumbuki kuanguka, amevunjika mpaka CT, picha ya kompyuta inayoonyesha mfupa kipande kwa kipande, iseme vinginevyo. Hawa ni watu waliozoea kuumwa mgongo maisha yao yote. Akikwambia maumivu ya leo si yale ya jana, msikilize.

Sababu iko kwenye mfupa wenyewe. Uti wa kawaida una diski na viungo vidogo kila ngazi, na kila kimoja hufyonza sehemu yake ya kishindo. Kwenye ankilozing spondilaitisi na kwenye DISH, magonjwa mawili yanayokakamaza mgongo, ngazi hizo zimeunganishwa na madaraja ya mfupa, na ligamenti zenyewe zimegeuka mfupa. Kishindo hakina pa kupungulia, kinatua mahali pamoja. Mvunjiko hupita mbele hadi nyuma, nguzo zote tatu za uti (ya mbele, ya kati na ya nyuma), na kwenye ankilozing spondilaitisi mara nyingi pale diski ilipokuwa. Kinachobaki ni vipande viwili virefu visivyoshikiliwa na kitu, vinavyocheza kila mgonjwa akigeuzwa kitandani. Kwa hiyo msiufikirie kama uti wa mgongo. Ufikirieni kama mfupa wa paja, na mengi kuhusu namna ya kuufunga yatajipanga yenyewe.

Magonjwa haya mawili msiyachanganye. Ankilozing spondilaitisi huanza ujanani kwa uvimbe wa viungo, na mgonjwa akifika uzeeni pingili zake huwa laini ndani, zimepoteza madini. DISH ni ya watu wazima, wengi wao wanene au wenye kisukari, na madaraja yake hufunika pingili 4 au zaidi mfululizo. Kifuani hujaa zaidi upande wa kulia, mbali na aota, mshipa mkuu wa damu. Skrubu za kufungia mvunjiko zitawakumbusha tofauti hiyo, maana mfupa laini hauzishiki vizuri.

CT ipigwe uti wote, kuanzia fuvu hadi nyonga. Mabega huficha pingili za chini za shingo kwenye eksirei, na hapo hapo ndipo wengi huvunjikia. Tena mvunjiko wa pili mbali na wa kwanza si jambo la ajabu. MRI, picha ya sumaku, iongezwe pale nguvu za miguu au mikono zinapopungua, au maumivu yanapokataa kueleweka, kwa sababu damu inaweza kuvilia ndani ya mfereji wa uti na kuugandamiza ugwe mgongo, yaani shina la neva lipitalo humo, polepole. Mgonjwa aliyekuwa mzima saa mbili zilizopita si lazima awe mzima sasa. Pima nguvu za misuli, andika namba, rudia.

Sasa nije kwenye mkao, na hapa naomba tukae kidogo.

Mgonjwa mwenye kibiongo cha miaka ishirini hakulala chali bapa tangu alipokakamaa. Akiwekwa kwenye ubao mgumu, kichwa kikashushwa mpaka kigote, wewe ndiye unayefungua mvunjiko. Kola ya kawaida ya kushikilia shingo nayo imetengenezwa kwa shingo ya kawaida. Ukiifunga kwenye shingo iliyoinama inasukuma kidevu juu. Nimeona mgonjwa akianza kusema vidole vinakufa ganzi muda mfupi baada ya kuvalishwa. Tumieni mito na mablanketi yaliyokunjwa, inueni upande wa kichwa, mjaze kila uwazi ulio chini ya shingo na mabega mpaka mgonjwa mwenyewe aseme, "Hapa ndipo ninapolala."

Je, utajuaje mkao wake wa zamani? Waulize ndugu. Kijana mmoja aliwahi kuniambia kwa furaha, "Dokta, baba leo anatutazama usoni, zamani alikuwa anatazama miguu yetu tu." Ile haikuwa nafuu. Shingo ilikuwa imevunjika na kufunguka mbele, kichwa kikainuka. Tangu siku hiyo huomba picha ya mgonjwa iliyopigwa kabla ya kuanguka, hata ya kwenye simu, akiwa amesimama upande. Huibandika ukutani chumba cha upasuaji. Lengo letu ni kumrudisha kwenye picha ile. Wapo mabingwa wanaotumia mvunjiko kunyoosha kibiongo palepale. Mimi siwashauri ninyi mnaoanza. Aota iliyokauka na umio uliogandia mbele ya pingili haviwezi kuvutwa vikavumilia.

Kwa daktari wa usingizi, nenda mapema, usimkute mezani. Shingo haipindi na mdomo pengine haufunguki vizuri, kwa hiyo mara nyingi mrija huingizwa mgonjwa akiwa macho, kwa kamera inayopinda. Halafu kumgeuza kifudifudi. Kama kuna kifaa cha kufuatilia umeme wa neva, chukueni kipimo kabla ya kumgeuza na baada ya kumgeuza. Ishara zikishuka, rudisheni mkao uliotangulia kwanza, maswali baadaye. Meza ikunjwe kufuata kibiongo, tumbo lining'inie huru. Tumbo lina sababu mbili: likibanwa, vena za ndani ya mfereji wa uti hujaa na kuvuja damu, na mbavu za mgonjwa huyu hazitanuki, anapumua kwa kiwambo tu. Kisha piga picha ya pembeni kabla ya kuosha ngozi. Usikubali kuanza kukata wakati mvunjiko umeachama zaidi ya ulivyokuwa kwenye CT.

Kufunga kwenyewe ni suala la urefu. Kwa mvunjiko wa mtu mwingine ungeridhika na ngazi moja juu na moja chini. Hapa ni angalau 3 juu na 3 chini, kwa nyuma, na zaidi mfupa ukiwa laini. Bamba la mbele peke yake hung'oka. Msidanganywe na picha nzuri ya siku ya kwanza. Mvunjiko wa shingo ya chini uvushwe mpaka pingili za juu za kifua, usiishie pale shingo inapokutana na kifua, wala kwenye kilele cha kibiongo. Alama mlizozoea za kuingizia skrubu mara nyingi hazipo, hasa kwenye ankilozing spondilaitisi ambako viungo vya nyuma vimeyeyukia kwenye mfupa mmoja, kwa hiyo tegemeeni picha kuliko jicho. Kifuani na kiunoni, skrubu zinaweza kupitishwa kwenye vitundu vidogo vya ngozi, damu ikapotea kidogo. Kupandikiza mfupa mara nyingi si lazima, maana mwili huu tayari una hamu ya kuunganisha. Saruji kuzunguka skrubu husaidia mfupa ulio laini, ila inaweza kukimbilia mapafuni. Mfereji nao ufunguliwe pale tu kitu kinapougandamiza ugwe, iwe damu au kipande cha mfupa, na hapo msingoje kesho.

Baada ya hapo kazi inahamia wodini. Nimonia ndiyo adui, kuliko skrubu kulegea. Mkalisheni, mtembezeni, mazoezi ya kupumua yaanze mapema. Mwenye DISH ya shingo huenda alikuwa akimeza kwa shida hata kabla, basi ajaribiwe kumeza kabla ya kupewa uji. Dawa za kuzuia damu kuganda zipangwe pamoja na aliyefanya upasuaji, na zile za kushusha kinga zirudishwe kwa makubaliano na daktari wa viungo. Ndugu waelezwe bila kuficha kwamba hii ni hatari kubwa, na kwamba vifo katika miezi ya mwanzo si haba hata upasuaji ukienda sawasawa.

Kwenye barua ya kuruhusiwa, andikeni kwa herufi kubwa kwamba uti umeshikana, ngazi zilizofungwa ni zipi, alilala kwa mito mingapi, na kwamba akianguka tena apigwe CT ya uti wote.