Usilipe hiyo fremu, kauone mji mwezi wa nane kwanza

Mleta mada, usimpe huyo dalali hata mia. Salamu tutapeana baadaye.

Nimesoma uzi wako mara mbili, mara ya pili jasho linanitoka, na kwa baridi ya Iringa kutoka jasho si mchezo. Una miaka 25, Dar imekuchosha, umedunduliza milioni tano, wiki iliyopita ukapanda basi kuja kuangalia mji. Ukapata fremu ya biashara Kihesa jirani na chuo, unataka kuuza chipsi na vinywaji baridi, dalali kakupa mpaka Ijumaa. Halafu unatuuliza bei ya chumba, baridi, intaneti, usalama na sijui nini tena, kana kwamba la fremu limeshapita. Mdogo wangu, huyo ni mimi. Umeongeza chipsi tu.

Na mimi nilikuja Novemba, Ijumaa mpaka Jumapili. Jua linawaka, boom, hela ya mkopo wa wanachuo, limeingia wiki ileile, wanachuo wamejaa barabarani kama kumbikumbi. Kwenye fremu ya juisi foleni mpaka nje. Nikakaa kwenye ngazi ya duka la jirani nikahesabu glasi. Nilihesabu kweli, kwenye simu: kwa muda wa saa mbili, glasi 43, kila glasi buku. Nikazidisha kwa saa za siku, nikazidisha kwa 30, nikazidisha kwa 12. Hapo kwenye 12 ndipo nilipojichinja.

Mwenye biashara alikuwa kaka mpole, ana sauti ya mtu wa kwaya. Anaiachia fremu kwa sababu mama yake anaumwa kijijini, anakwenda kumuuguza. Nikamuuliza biashara inakuwaje mwaka mzima. Akaniambia, "Hapa bro ni kazi yako tu kukamua." Nikamwonea huruma! Nikampa kilemba, yaani hela ya kuachiwa fremu, milioni moja na nusu, nikamwambia mungu amponye mama. Mwenye nyumba akataka kodi ya mwaka, laki moja na nusu kwa mwezi, hesabu mwenyewe. Dalali mwezi wake mmoja. Friji mbili, blenda, meza, viti, rangi ya chungwa ukutani (mimi ndiye niliyechagua rangi, usinicheke). Mpaka nafungua Januari, milioni tano na laki tatu na ushee zimekwenda. Hiyo ni miaka mitatu ya kusimama kaunta Kariakoo nikiuzia watu misumari.

Januari nilipiga hela, sikatai. Siku nzuri nafunga na laki na ishirini. Nikaenda kukadiriwa kodi nikataja mauzo hayo kwa sauti, kifua mbele, kama naomba kazi. Kodi ikapangwa kwa mauzo hayo, nikaibeba mwaka mzima.

Semista ya kwanza ikaisha, kukapoa kidogo, nikasema likizo fupi hiyo. Kwenye masika wazee wana ulanzi wao, pombe ya mianzi, juisi yangu ya tikiti wanaiona ya watoto. Juni baridi ikaja. Wewe uliyeuona mji Novemba hiyo baridi hujaijua. Tuko juu zaidi ya mita 1,500. Ukitazama Ipogolo kule chini ndipo unaelewa umepandishwa wapi. Asubuhi ukiongea mdomo unatoa moshi. Na mimi ndani ya fremu ya chungwa nauza juisi yenye barafu. Julai mitihani. Baada ya mitihani niliona mabegi yanapita mlangoni siku tatu mfululizo, mabajaji yamejaa magodoro, halafu kimya.

Mwezi wa nane, Jumanne moja, nimefungua tangu saa mbili asubuhi. Nimevaa sweta la mtumba juu ya sweta lingine. Friji zinanguruma, zinakula umeme wa LUKU kuliko ninavyokula mimi. Saa tisa alasiri akaingia mama mmoja, mteja wa kwanza. "Kamwene," salamu ya Kihehe. Nikaitikia vizuri kabisa, nilishajifunza. Akauliza, "Una chai?" Nikamwambia nina tikiti, embe, parachichi na pesheni. Akaitazama blenda, akanitazama mimi, akasema, "Mwanangu, na baridi hii?" Akatoka taratibu, kama mtu anayetoka wodini. Siku ile nilifunga na 7,500, na 2,000 kati ya hizo ni soda niliyokunywa mwenyewe nikajilipa.

Unajua nilifikiria nini? Chuma ulete, ule uchawi wa kunyonya hela za mwenzio. Wallahi. Nilianza kumwangalia fundi viatu wa jirani kwa jicho baya, nikawa natenganisha noti alizonipa na hela nyingine. Mpaka siku moja yeye mwenyewe akaniuliza, "Kwani hukujua chuo kikifungwa hapa panalala? Wewe ni wa tatu. Kila Novemba fremu hii inapata mtu mpya." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. "Tulidhani unajua. Mtu atoe milioni zote zile hajui?"

Yule kaka wa kwaya nilimkuta Septemba sokoni anauza mitumba. Mama yake yuko meza ya pili, anauza nyanya, mzima, mashavu haya. Alinipa mkono! "Vipi bro, unakamua?" Sikumjibu, nilinunua nyanya za mama nikaondoka. Yeye angalau alikuwa anajiokoa. Wanaonitia hasira zaidi ni wale wa video za "toka Dar, mikoani kuna hela zimelala". Nilizitazama zote. Wanazirekodia Mbezi, nyuma unaona bahari. Hakuna hata mmoja aliyenieleza kwamba Dar na mji mdogo havifi kwa namna moja. Dar sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3, wanachuo wakiondoka mtaani kwako wapo mafundi, bodaboda, wapangaji, wapita njia. Iringa manispaa ni laki mbili na kidogo, na pale Kihesa wateja wako wote wana ratiba moja, mkopo mmoja na likizo moja. Wakipanda basi, wamepanda wote.

Kwa hiyo sikiliza. Njoo, lakini njoo na begi. Panga chumba, kaa, fanya chochote, saidia mtu dukani. Fremu usiiguse mpaka umekaa hapa mwezi wa nane, umesimama mlangoni kwake Jumanne saa nane mchana na kuhesabu watu kwa macho yako. Na si Iringa peke yake. Mji wa wakulima una mwezi wake, wanapongoja mavuno na hela hakuna. Mji wa watalii nao una wake. Utafute huo mwezi, uende huo. Dalali akikwambia fremu itachukuliwa, mwache aichukue mwingine. Novemba ijayo itakuwa wazi tena, nakuhakikishia.

Maswali yako mengine: chumba masta, chenye choo chake ndani, mimi nalipa 70,000, nilitoa ya miezi sita. Kule Gongo la Mboto nililipa mara mbili ya hapo, choo tunashea na wapangaji wanane. Kazini nakwenda kwa miguu dakika kumi na tano, wakati Dar nilikuwa natoka saa kumi na moja alfajiri narudi saa tatu usiku, ujana wangu nimeumalizia kwenye mlango wa daladala. Viazi, maharage, mboga, hutalia. Feni hununui, nunua blanketi, mbili. Treni ya SGR haifiki huku, inapita Moro kuelekea Dodoma, kwa hiyo ukienda kusalimia nyumbani ni basi, utaona mlima Kitonga na tembo wa Mikumi mpaka uwazoee. Huu ni mwaka wangu wa nne na sirudi Dar. Ila mwaka wa kwanza niliulipia.

Nilichoponea ni yule mama wa chai. Kesho yake niliazima hela kwa fundi viatu nikanunua birika, tangawizi, maziwa, nikatafuta dada wa kupika chapati. Supu ya kongoro nikaongeza Septemba. Wateja wa chai hawaondoki kwa mkupuo: ni walimu, mafundi, mabodaboda, watu wa hapahapa. Nilipohamisha biashara kusogea kwao, kodi ya kule ilikuwa bado ina miezi mitatu, nikaiacha imlishe panya.

Intaneti, sijui umeulizia ya nini, kama ni ya kazi au ya kutazama zile video. Ya kazi inatosha.

Friji moja bado ninayo, kama kuna mdau anaihitaji. Haijachoka hata kidogo, imepumzika sana.