Slivu za Massey Ferguson 135: usikubali nyundo

Kaka, umesema fundi anataka kuziingiza slivu mpya (mirija ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka) za trekta yako ya 135 kwa nyundo na kipande cha mbao. Mzuie kwanza.

Injini hiyo ya Perkins yenye silinda tatu hutumia slivu kavu: maji hayaigusi slivu, yanapita ndani ya bloku, yaani mwili wa injini. Kwa hiyo joto la pistoni huondoka pale tu slivu inapobana ukuta wa bloku sawasawa. Ukiacha kutu au chembe ya kaboni katikati, sehemu hiyo hupata joto kuliko nyingine, na pistoni huanza kukwaruza. Nyundo nayo hupasua ukingo wa juu. Peleka bloku kwenye karakana yenye presi, mashine ya kusukuma slivu taratibu na kwa usawa.

Kabla ya kulipa, soma boksi lako. Kuna slivu zinazokuja zimekamilika kipimo, na kuna zile za kuchongwa ndani baada ya kubanwa, hadi milimita 91.4 za kawaida. Hizi za pili ukizifunga bila kuchonga, pistoni haitaingia. Na hata zilizokamilika zipimwe tena zikishakaa, juu, katikati na chini, maana kubanwa huweza kuzipunguza.

Ringi za pistoni funga mpya. Ila pima pengo kati ya ncha mbili za kila moja ndani ya silinda yake.

Nakuomba pia mtungue krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) mpime beringi zake wakati injini iko wazi. Ni trekta nzuri sana hiyo, inastahili kazi kamili.